Mtangazaji Aliyemtangaza Mama Yake

Wanasema hasira hasara. Sawa, wahenga hatugombani nao. Lakini Fidelis Banzi hasara alikwisha kuipata yote kabla hajakasirika, kwa hiyo hasira akaiona kuwa ni haki yake, akakaa nayo.

Fidelis ni yule mtangazaji wa mpira kwenye runinga ya Upeo, mwenye sauti nzito inayopanda taratibu kama lori la mboga. Kazaliwa juu huko Mgeta, upande wa Nyandira, ambako mtu akidondosha kiazi mlangoni kwake anakwenda kukiokota kwa jirani wa chini. Baba yake alifariki Fidelis angali mgongoni. Hakukosa wenyewe lakini. Kwa Waluguru mtoto ni wa lukolo la mama yake, yaani ukoo wa mama, na mjomba ndiye nguzo. Mjomba wake, mzee Amosi, alikuwepo, na mama yake, Bi Anastasia, alikuwepo zaidi.

Sasa huko Mgeta sehemu iliyo sawasawa ina kabichi, ama karoti, ama njegere. Hakuna mzee mwenye akili zake atakayewapa watoto tambarare wachezee mpira. Wavulana walicheza juu ya mgongo wa kilima, goli moja upande huu, la pili upande ule, na katikati nundu. Kipa wa huku hamwoni kipa wa kule. Likifungwa goli kule, wa huku wanabisha, na zinapigwa ngumi. Fidelis mguu wake wa kushoto ni mfupi tangu kuzaliwa, mbio za mteremko hakuziweza, basi wakamsimamisha kwenye nundu awapashe habari wote. Nani ana mpira, nani kaanguka, limeingia ama limepita pembeni. Akidanganya anapigwa na timu mbili. Hiyo ndiyo shule yake ya kwanza ya utangazaji: sema unachokiona. Mama yake, akipita na tenga kichwani kuwahi malori, alisimama kidogo kusikiliza, akacheka peke yake, akaendelea.

Alisoma kwa mapadre, kisha akapata kazi kwenye redio moja ya mjini Morogoro. Mkuu wa redio alimsikiliza akatikisa kichwa.

"Sauti unayo, kijana. Lakini toa milima mdomoni."

Fidelis akaitoa. Usiku na mchana alijirudia maneno mpaka Kiluguru chake kikazama chini kabisa ya ulimi. Ilimuuma, akameza. Huo ulikuwa mmezo wa kwanza, na mwenye tabia ya kumeza hajui tumbo litajaa lini.

Redio ilimtembeza. Aliketi juu ya debe kule Turiani akitangaza mechi za wakata miwa, aliketi uwanja wa Jamhuri mvua ikimnyeshea, alifurahi. Runinga ya Upeo ilipomwita Dar es Salaam alidhani furaha sasa itakuwa kubwa zaidi. Misimu ya mwanzo ilikuwa hivyo kweli. Kisha wakubwa wakakaa kikao, wakaona nauli na hoteli za watangazaji ni mzigo. Wakamweka katika chumba chenye kiyoyozi, mbele ya skrini, mechi ikichezwa Mbeya, ikichezwa Bukoba, yeye yuko pale pale na jaketi lake.

"Useme tuko uwanjani," akaambiwa na Margareth, mkurugenzi wa vipindi. "Mtazamaji apate ladha."

"Nami sipo?"

"Fidelis, baba, kila mtu anafanya hivyo."

Akasema. "Naam, tuko hapa uwanjani, jua ni kali, upepo unavuma kutoka kusini." Upepo wa kusini! Upepo wenyewe ulikuwa wa mashine ya ukutani. Mama yake alimpigia simu siku moja jioni.

"Mwanangu, leo ulikuwa Mbeya?"

"Ndiyo, mama."

"Na asubuhi si ulisema uko Dar, unafua?"

"Nilipanda ndege."

"Haya," akasema Bi Anastasia. Haya ya mama unaijua. Ni neno dogo lenye mizigo ndani. Fidelis alikata simu akiwa amechukia, hajui kamchukia nani.

Basi mwaka huu wakampa kile ambacho kila mtangazaji hukiota, mechi ya zile timu mbili kubwa za Kariakoo, na safari hii uwanjani kabisa, kwa sababu mdhamini alitaka aonekane na kipaza sauti mbele ya umati. Alimpigia mama yake kwanza. Mama akapiga vigelegele kwenye simu mpaka majirani wakatoka. Kabla mechi haijafika, Bi Anastasia aliamka asubuhi, akasema kifua kinabana, akaketi jikoni, na hapo hapo jikoni akaishia.

Mazishi yalikuwa Nyandira, shambani kwake, juu ya mteremko. Padre alimaliza sala, akakunja stola yake, akashuka njia bila kugeuka nyuma. Mapadre waliokaa milimani wanajua kinachofuata baada yao ni cha watani, na watani hawahubiriwi.

Mtani alikuwa Twalibu, Mzigua wa Turiani, mtu mwenye tumbo na kanzu fupi, aliyenunua mboga za Bi Anastasia tangu ujana wake. Wazigua na Waluguru ni watani, na mtani msibani ni mkubwa kuliko mfiwa. Jeneza lilipoletwa karibu, Twalibu akaruka ndani ya kaburi, akalala chali, mikono chini ya kichwa.

"Pazuri humu! Mgeta kote baridi, lakini baridi yenyewe mlikuwa mmeificha huku. Nyie Waluguru wachoyo jamani!"

Watu wakaanza kucheka na machozi yao.

"Toka, Mzigua," akasema mzee Amosi. "Tutakupa kuku."

"Kuku wa Mgeta? Huyo si kuku, ni shomoro aliyevaa sweta. Mke wangu huyu amekufa bila kuniaga, na nyie mnaniletea shomoro!"

"Mke wako tangu lini?"

"Tangu alipoanza kunipunja kabichi. Nani anampunja mtu asiyempenda?" Kisha Twalibu akamtazama Fidelis aliyesimama ukingoni, macho makavu, meno yamebana. "Wewe mguu-mfupi. Huyu mama kila Jumamosi alikodolea macho runinga kukusikiliza ukitangaza watoto wa wenzake. Huyu anapiga, huyu anakosa, huyu anatoka jasho. Yeye alitoka jasho maisha yake yote. Nani alimtangaza? Mtangaze sasa. Usipomtangaza sitoki kwenye shimo hili, na nyie mtafute pengine pa kumzika."

Deni la mtani halikataliwi. Anaweza kuomba mbuzi, anaweza kuomba shati lako, unatoa. Hakuna aliyewahi kusikia ameomba kutangaziwa. Fidelis akamtazama mjomba wake, na mzee Amosi akanyanyua kidevu kidogo, maana yake: toa.

Fidelis akakohoa. Alipofungua mdomo sauti ilitoka ile ya zamani, ya kwenye nundu, na Kiluguru chake chote ndani.

"Naam, wasikilizaji, tuko hapa Nyandira, na leo niko uwanjani kweli. Anatokea Bi Anastasia, tenga kichwani, alfajiri, umande, njia inateleza kama sabuni. Mbele yake beki wa kwanza, ujane, huyo ni mkali, hapitiki huyo… anampita! Anakuja wa pili, mwaka ule wa mvua ya mawe, shamba lote chini, anamkata miguu, mama yuko chini! Mwamuzi hapigi filimbi! Mwamuzi, unatazama wapi? Mama hangoji filimbi, anainuka, anakung'uta kanga, anatafuta mpira wake. Anampasia mwanawe mwenye mguu mfupi. Mwana anaupoteza, jamani, anaupoteza kizembe! Mama anarudi kuuchukua mwenyewe…"

Twalibu alikuwa ametoka kaburini bila mtu kumwona, amesimama na udongo mgongoni, analia waziwazi. Wanaume wakashika kamba, wakaanza kushusha. Wanawake walicheka, wakalia, wakapiga vigelegele, vyote pamoja.

"…Sasa amebaki yeye na goli. Kipa hayupo, malaika wamekaa pembeni. Anaingia… anaingia… kaingiaaa! Mama kaingia!"

Jeneza likagusa chini. Kila aliyekuwepo atakwambia hajaona maziko yaliyotosheleza kama yale. Fidelis alitupia udongo wake akiwa mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo.

Wepesi ule haukufika hata kumaliza matanga. Msibani palikuwa na simu, siku hizi simu hazikosi, na mojawapo ilirekodi. Nani alianza kuirusha hakujulikana, na kila aliyeulizwa alisema katumiwa na mwenzake. Picha ilipofika Dar ilikuwa imekatwa kichwa na miguu. Twalibu hayumo, tenga halimo, ujane haumo. Limebaki jeneza linashuka, watu wanacheka, na Fidelis Banzi ananguruma: "Anaingia… kaingiaaa!" Juu yake wameandika: MTANGAZAJI AMGEUZA MAMA YAKE MPIRA.

Matusi aliyotukanwa tusiyaandike. Waliomtukana walikuwa Watanzania, watu wenye makabila na watani wao, ambao bibi zao walizikwa hivyo hivyo. Hilo ndilo lililomchoma. Angetukanwa na mgeni angesamehe.

Margareth akapiga simu.

"Pole sana na msiba, Fidelis. Shuka Dar haraka. Ijumaa kwenye kipindi cha michezo utaomba radhi."

"Kumwomba nani?"

"Watazamaji. Maneno tumekwisha kuyaandika, utasoma tu."

"Mama Margareth, wewe ni Mnyamwezi. Utani huujui?"

"Baba yangu alipozikwa, watani walichukua viatu vyake wakavivaa, wakatembea navyo mtaani wakimuigiza anavyokohoa. Nilicheka mpaka nikaanguka. Naujua."

"Basi?"

"Basi mdhamini hajui. Makao yake makuu si hapa. Kaona picha, kasema uso huo hautaki kwenye mechi yake. Ukiomba radhi utatangaza. Usipoomba, mechi anatangaza mwenzako Dennis, na wewe… sitaki kuimalizia."

"Msimu mzima mmenifundisha kuziita zile timu mbili 'watani wa jadi, watani wa jadi', mnauza matangazo kwa jina hilo. Mtani mwenyewe akija kufanya kazi yake mnaniambia ni aibu!"

"Usinipigie kelele, Fidelis."

"Sijapiga bado!"

Akakata. Akaenda kwa mjomba wake aliyekuwa ameketi jikoni pa marehemu, anachoma mahindi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umesikia huko?"

Akamweleza. Mzee Amosi akageuza hindi lake upande wa pili.

"Mtani anaziba kaburi, unampa anachotaka, anafungua. Ndivyo dada yangu alivyoingia humo. Sasa wewe ukisimama mbele ya watu useme ulichotoa ni aibu, umekirudisha. Umemnyang'anya mtani. Na dada yangu yuko wapi basi? Ndani au nje?"

"Lakini mjomba, ndiyo kazi yangu hiyo. Na mechi hii ndiyo niliyoingojea tangu nianze. Mama mwenyewe aliipigia vigelegele."

"Nimekusikia. Mimi si mtu wa runinga, sikwambii ufanye nini. Nimekuuliza tu yuko ndani au nje."

Fidelis akamkasirikia mjomba wake pia. Swali la namna ile ni afadhali kofi.

Alhamisi alishuka na lori la mboga mpaka mjini, na pale Msamvu, akisubiri basi la Dar, akamkuta Twalibu amekaa kwenye benchi anakula mihogo ya kukaanga. Alikuwa anamvizia.

"Mluguru! Nasikia Dar nzima inakuita mchawi. Nilijua siku moja watagundua."

Fidelis hakucheka. Twalibu akaufunga mfuko wa mihogo, akashusha sauti.

"Sikiliza, ndugu yangu. Nimefikiri. Sema nilikulazimisha. Sema kuna Mzigua mmoja kichaa, mlevi wa kimpumu, kakuzibia kaburi, ukaogopa. Taja jina langu kabisa. Mimi nauza kabichi, kabichi haziangalii runinga. Nitukane kwa nafasi, wewe utangaze mechi yako."

"Hunywi hata pombe wewe."

"Si ndiyo maana watashangaa?"

Ilikuwa njia nzuri. Ilikuwa njia ya mteremko, na Fidelis aliona mguu wake mfupi unataka kuishuka. Kazi inabaki, mechi inabaki, aliyesingiziwa karidhia. Akamtazama yule mzee aliyelia na udongo mgongoni. Hasira ikampanda upya, sasa kwa sababu wamemfikisha mahali pa kulipima jambo lile hata kwa dakika moja.

"Usiniambie tena neno hilo," akasema. "Utafanya nikupige hapa stendi, na mtani hapigwi."

"Hapigwi, lakini hununuliwa chai," akasema Twalibu. Basi la Dar likapiga honi.

Ijumaa walimpaka poda, wakamvalisha koti, wakamkalisha chini ya taa. Margareth alisimama nyuma ya kamera, mikono kifuani. Kwenye kioo cha mbele maneno yakaanza kupanda polepole, nayo yalikuwa ya adabu sana: Mimi, Fidelis Banzi, naomba radhi kwa dhati kwa kitendo cha aibu nilichokifanya katika mazishi ya mama yangu mzazi.

Taa nyekundu ikawaka.

"Watazamaji, mimi, Fidelis Banzi, naomba radhi kwa dhati…" Akaona neno aibu linapanda. Akaliona likifika usawa wa macho, likisubiri mdomo wake. Akaliacha lipite juu lipotee.

"…kwa kuwadanganya," akasema. "Misimu mingi nimewaambia niko uwanjani. Nimewaambia jua kali, nimewaambia upepo. Nilikuwa kwenye chumba kile pale, mlango wa pili kushoto, nimevaa jaketi. Mechi ya Mbeya sikuwepo. Ya Bukoba sikuwepo. Kwa hilo naomba radhi, na mama yangu naye nilimdanganya, kwake pia naomba. Lakini maziko yake siyaombei radhi. Pale nilikuwepo. Mtani wetu, Mzigua wa Turiani, alinidai haki yake nikamlipa, na nililosema ndilo nililoliona. Anayeona aibu aende akaulize kwao bibi yake alizikwaje!"

Maneno ya mwisho aliyapiga kwa kiganja mezani, na glasi ya maji ikaruka. Wakaweka matangazo. Alipogeuka kwenye kioo kidogo cha pembeni, akaona sabuni ya kufulia imekwisha kuchukua nafasi yake.

Margareth alimjia mbio. Alikuwa amekasirika kuliko alivyowahi kumwona.

"Umenimaliza! Habari ya chumba ilikuingiaje? Si ungekataa tu? Ungekataa tu ningekutetea!"

"Ungenitetea kwa nani? Kwa yule asiyekuwa Mnyamwezi?"

"Una watoto wa dada yako unaowasomesha, Fidelis. Unafikiri kiburi kinalipa ada?"

Hilo lilimpata. Akavua kile kipaza sauti kidogo cha kifuani, akakiweka mkononi mwa Margareth. Wakatazamana. Yule mama akageuka. Barua ya kumwachisha kazi ilimfuata kwenye simu kabla basi la kurudi Morogoro halijafika Kibaha.

Siku ya mechi kubwa, Dar imejaa jezi na mavuvuzela, yeye alikuwa Nyandira. Alipanda kile kilima akihema, jua la saa nne, mkoba begani. Mzee Amosi alikuwa shambani kwa dada yake, ameinamia kabichi. Habari zilikuwa zimemfikia, huko juu hazichelewi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Wamekutoa?"

"Wamenitoa."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Mzee akanyooka taratibu, mkono kiunoni. Akatazama upande wa kaburi, udongo wake bado mwekundu, kisha akamtazama mpwa wake.

"Yuko ndani," akasema. Akaokota jembe la pili lililolazwa kwenye tuta, akamrushia. "Magugu yamewahi kuliko sisi. Anza huko chini."

Fidelis akavua koti, akalitundika kwenye mti wa uzio, akaanza kulima. Alilima kama anayechimbua mwizi. Jembe la kwanza la mdhamini. La pili la waliokata picha. La tatu la yule mkuu wa redio na milima yake ya mdomoni, maana hasira ikishafungua mlango wageni wa zamani nao huingia. La nne, la tano, machozi yakaanza kumtoka, yale ambayo hayakutoka tangu simu ya msiba. Hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi. Udongo uliruka, majani yaliruka, vitu vya duara vikaanza kubingirika mteremko kuelekea kwa jirani.

"Wewe!" akapiga kelele mzee Amosi kutoka juu. "Wewe mwana! Hiyo ni kabichi, siyo mkurugenzi!"

Fidelis akasimama, jembe hewani, kifua kinapanda na kushuka. Akatazama nyuma yake. Nusu tuta la mama yake alikuwa amelichinja.

"Zifuate basi!" mzee akafoka. "Unangoja nani akuokotee?"

Akatupa jembe, akashuka mbio na mguu wake mfupi, akilia na kutukana, kuzikimbilia kabichi kabla hazijafika kwa watu.